Huzuni ya Bibi Salme: ijue sonona na matibabu yake

Leo tunazungumzia sonona, ugonjwa wa huzuni nzito unaowapata watu wazima wengi, wake kwa waume, na ambao una matibabu. Ili tuelewane vizuri nitakusimulia maisha ya mwanamke ambaye jina lake linajulikana pwani yote: Sayyida Salme binti Said, binti wa Sultani wa Zanzibar.

Bibi Salme alifariki zaidi ya miaka 100 iliyopita. Hakuna daktari anayeweza kumpima marehemu, kwa hiyo sitakwambia kwamba aliugua sonona. Lakini aliandika mengi juu ya huzuni yake, na maisha aliyoyapitia yanafanana na yale ninayoyasikia kwa akina mama wa Tanga, Muheza, Pangani na Mkinga: kufiwa, kulea peke yako, kuwa mbali na kwenu, kukosa fedha.

Jambo ninalotaka ulishike ni moja. Mtu anaweza kuwa na sababu ya kweli kabisa ya kuhuzunika, na bado huzuni hiyo ikageuka ugonjwa unaohitaji matibabu. Tumezoea kusema mwacheni, kafiwa, lazima alie. Ni kweli, lazima alie. Lakini wapo wanaoachwa hivyo miezi na miezi, hawali, hawalali, watoto wanawaangalia tu, kwa sababu kila mtu anaijua sababu ya huzuni yao na anadhani kujua sababu kunatosha.

Binti wa Mtoni

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja, kando ya bahari. Baba yake, Sayyid Said bin Sultan, alitawala Zanzibar na Oman, na huku kwetu Tanga na Pangani palikuwa na maliwali wake. Mama yake aliitwa Jilfidan, mwanamke wa Kicherkesi aliyeletwa Unguja akiwa mtumwa. Salme alikulia katika nyumba iliyojaa watu: ndugu wengi, mashangazi, yaya, wageni wasiokatika. Wasichana wa nyumba ile walifundishwa kusoma, si kuandika. Yeye akajifundisha kuandika kwa siri.

Mwaka 1856 baba yake alifariki baharini akitoka Oman. Mwaka 1859 mama yake akafa kwa kipindupindu. Salme alikuwa msichana wa miaka kama 15, yatima wa pande zote mbili. Mwaka huohuo akaingizwa katika ugomvi wa kaka zake. Barghash alitaka kumpindua Majid aliyekuwa Sultani, na Salme, kwa kuwa alijua kuandika, akawa mwandishi wa barua za siri za Barghash. Jaribio lile halikufaulu. Barghash alipelekwa uhamishoni Bombay, na Salme akabaki na ndugu waliomnunia, baadhi yao kwa muda mrefu.

Ukiyahesabu haya, mama, utaona kwamba kabla hajafika miaka 20 alikuwa amekwisha poteza wazazi wote wawili na amani ya nyumba yao. Wataalamu wa afya ya akili wanajua kwamba misiba ya utotoni na ujanani huweza kumwongezea mtu uwezekano wa kuugua sonona baadaye. Haina maana kwamba lazima augue. Ina maana kwamba mzigo unaokuja baadaye unamkuta tayari amebeba mwingine.

Kutoka Unguja hadi Hamburg

Mjini Unguja Salme alifahamiana na jirani yake, mfanyabiashara Mjerumani aliyeitwa Heinrich Ruete. Akapata mimba yake. Kwa binti wa Sultani, asiye na ndoa, na mwanamume wa dini nyingine, ilikuwa hatari kubwa. Mwaka 1866 alitoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden, na huko, mwezi wa Desemba, akajifungua mtoto wa kiume. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily na siku hiyohiyo akafunga ndoa na Ruete, kisha wakaelekea Ujerumani. Mtoto wao wa kwanza alifariki mwaka huohuo, akiwa bado mchanga.

Walifikia mji wa Hamburg. Ugenini huko Salme alizaa watoto watatu, mwaka baada ya mwaka: Antonie Machi 1868, Rudolph Said Aprili 1869, na Rosalie Aprili 1870. Hakuwa na mama, dada, shangazi wala somo wa kumkanda maji ya moto na kumpikia uji wa pilipili manga. Lugha alikuwa anajifunza. Baridi ilimshinda, chakula kilimshinda, watu walimkodolea macho. Mume akienda kazini, nyumba ilikuwa kimya. Aliyezoea nyumba ya watu wengi kiasi kile anaujua ukimya ule unavyouma.

Tarehe 6 Agosti 1870 mume wake alifariki baada ya ajali ya tramu ya farasi. Salme alikuwa hajatimiza miaka 26. Mtoto mkubwa alikuwa na miaka miwili na miezi kadhaa. Mdogo alikuwa hajafikisha miezi minne.

Fikiria angekuwa jirani yako wa Ngamiani au Chumbageni. Siku ileile nyumba ingejaa. Wanawake wangetandika mikeka, wengine wangewasha moto nje, mtoto mchanga angebebwa na mikono kumi. Kungekuwa na matanga, kisomo, hitima. Salme hakuwa na hayo. Baadaye aliandika barua ndefu, kama za kumwandikia rafiki aliyebaki Zanzibar, akieleza miaka ile ya Ulaya, kufiwa kwake na kiza kilichomfunika. Barua hizo hazikuchapishwa alipokuwa hai.

Huzuni na sonona zinatofautianaje?

Kufiwa huleta huzuni, na huzuni si ugonjwa. Mfiwa hulia, hukosa usingizi, chakula hakipiti. Lakini huzuni ya kawaida huja kama maji ya bahari, hujaa na hupwa. Katikati ya kilio mfiwa anaweza kucheka akikumbuka kituko cha marehemu. Akiletewa mtoto, uso unafunguka kidogo. Siku zinavyokwenda, maji yanapwa kwa muda mrefu zaidi kuliko yanavyojaa.

Sonona haipwi. Humkalia mtu karibu kutwa nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, na humzuia kufanya shughuli zake. Wengi hawasemi wana huzuni. Watakwambia nina mawazo, moyo mzito, mwili umeisha nguvu, kichwa kinauma hakiponi. Anayefika zahanati kila mwezi kwa maumivu ya kichwa, mgongo au moyo kwenda mbio, na vipimo havionyeshi kitu, aulizwe pia kuhusu moyo wake.

Dalili kuu ni mbili:

- Huzuni, au moyo kuwa mtupu, karibu kutwa nzima.
- Kupoteza hamu ya mambo aliyoyapenda: kupika, kusali na wenzake, kwenda shughulini, kucheza na mtoto.

Pamoja na mojawapo ya hizo au zote mbili, huwa kuna nyingine kadhaa kati ya hizi:

- Kukosa usingizi, kuamka alfajiri sana bila kulala tena, au kulala kupita kiasi.
- Kukosa hamu ya kula, au kula kupita kawaida yake.
- Uchovu usioisha hata bila kazi.
- Kujilaumu na kujiona hafai, mzigo kwa watu.
- Kushindwa kuamua hata jambo dogo, kusahau, kutosikia anachoambiwa.
- Kuwa mzito kusema na kutembea, au kuhangaika bila kutulia.
- Kuona maisha hayana maana, kutamani kufa.

Mfiwa anaweza kuwa na huzuni na sonona kwa pamoja. Kwa hiyo usijiulize kama ana sababu ya kulia. Jiulize: je, siku zinakwenda na hali inabaki palepale au inazidi? Je, anashindwa kujitunza na kutunza wanawe? Je, anasema hana maana, au anataka kumfuata marehemu? Ukijibu ndiyo, huo ni wakati wa kumpeleka kwenye kituo cha huduma.

Huku kwetu watu hukaa na mfiwa mpaka arobaini, kisha kila mmoja anarudi kwake. Wewe nenda baada ya arobaini. Hapo ndipo nyumba inapokuwa kimya kama ile ya Hamburg, na hapo ndipo sonona mara nyingi huonekana. Na kama mjane yumo ndani ya eda, ugonjwa haungoji miezi minne na siku kumi. Matibabu ni haja. Mwenye shaka amuulize shehe wake, lakini asikae na ugonjwa.

Mama aliyejifungua

Kumbuka kwamba Salme alipofiwa alikuwa na mtoto wa miezi isiyozidi minne. Kipindi cha ujauzito na mwaka wa kwanza baada ya kujifungua kina hatari yake peke yake, hata pasipo msiba.

Katika siku chache za kwanza akina mama wengi hulia ovyo, hukasirika upesi, hujawa na wasiwasi. Hali hii kwa kawaida huisha yenyewe kabla ya wiki mbili, kwa mama kupumzika na kusaidiwa. Ikipita wiki mbili, au ikianza baadaye na kuendelea, huenda ni sonona ya uzazi. Mama anaweza kumwona mtoto kama si wake, au akawa na hofu isiyoisha kwamba mtoto atakufa. Anaona aibu kusema, kwa sababu kila mtu anampa hongera.

Mama mwenye hali hii si mama mbaya, wala hana moyo wa jiwe. Ni mgonjwa. Akipata matibabu, mapenzi kwa mtoto hurudi na mtoto naye hufaidika, maana mama asiyekula wala kulala hunyonyesha kwa shida na huchelewa kuona dalili za ugonjwa kwa mwanawe.

Jambo jingine ni la haraka sana. Mama aliyejifungua akianza kusikia sauti zisizokuwapo, kusema maneno yasiyoeleweka, kutolala kabisa huku ana nguvu za ajabu, au kusema mtoto ni shetani, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake na mtoto.

Sonona hutoka wapi?

Haitoki mahali pamoja. Wapo walioirithi katika ukoo. Wapo ambao imeanzia kwenye msiba, ukali wa maisha, kupigwa ndani ya nyumba, kupoteza mimba, kukosa mtoto, au ugonjwa wa muda mrefu kama kisukari na VVU. Mwili nao huhusika: usingizi, hamu ya kula na nguvu zote hutawaliwa na ubongo, na katika sonona utendaji wa ubongo hubadilika. Pombe na mirungi huzidisha hali, hata kama mtu huona vimemtuliza kwa saa chache.

Si uvivu, si kudeka, si upungufu wa imani. Wacha Mungu wanaugua sonona kama wanavyougua malaria. Najua pia kwamba hapa kwetu familia nyingi hufikiria kwanza majini au kurogwa. Kama mmeamua mgonjwa asomewe, asomewe, lakini kisomo kisifunge mlango wa hospitali. Asifungwe kamba, asipigwe, asinyimwe chakula, asiachishwe dawa alizopewa. Na mkiona siku zinapita hakuna nafuu, msizidi kusubiri.

Miaka baada ya 1870

Turudi kwa Salme. Fedha zilipungua, akahama na watoto wake kutoka mji mmoja kwenda mwingine: Dresden, Rudolstadt, Berlin. Aliyezaliwa katika jumba la mfalme akawa anafundisha Kiarabu ili alishe watoto. Mwaka 1875 Barghash, ambaye sasa alikuwa Sultani, alizuru London. Salme alikwenda huko akitumaini kupatana naye, asifanikiwe.

Kitu kimoja katika maisha yake huwa nakirudia kukisoma. Mwaka 1886 kitabu cha kumbukumbu zake kilichapishwa kwa Kijerumani, na kikamfanya ajulikane duniani. Katika utangulizi anaeleza kwamba alianza kuandika miaka kadhaa nyuma, si kwa ajili ya wasomaji, bali kwa watoto wake. Alikuwa amechoka mwili na roho, na hakutarajia kuishi hadi wakue awasimulie mwenyewe alikotoka.

Tafakari maneno hayo kama mlezi. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, miaka mingi baada ya kifo cha mumewe, anajiandaa kutokuwapo. Kwa nje alikuwa anahama, anafundisha, anavalisha watoto. Majirani wangeweza kusema huyo amejikaza. Kufanya kazi za nyumbani hakuthibitishi kwamba mtu mzima ndani. Wanawake wengi wenye sonona hupika, hufua na kwenda sokoni, kwa gharama ambayo hakuna anayeiona.

Kuandika kulimsaidia? Naamini kulimpa kazi yenye maana na watu wa kuwaandikia. Lakini wakati wake tiba tulizo nazo leo hazikuwapo. Dawa za kwanza za sonona ziligunduliwa miaka ya 1950, zaidi ya miaka 25 baada ya kifo chake. Ushauri nasaha wa kitaalamu kwa mjane mgeni mwenye watoto watatu haukuwapo. Wewe unavyo, na haviko mbali.

Matibabu yakoje?

Anza kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au kliniki ya mama na mtoto unakopeleka mtoto kupimwa uzito. Unaweza pia kumwambia mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaani kwenu. Utaulizwa maswali kuhusu usingizi, kula, hamu ya mambo, mawazo ya kufa. Jibu bila kuona haya. Utaulizwa pia kama uliwahi kuwa na kipindi cha furaha iliyopita kiasi, usilale na usichoke, kwa sababu ugonjwa huo una dawa nyingine. Huenda ukapimwa damu, maana upungufu wa damu na magonjwa ya tezi ya shingo huweza kufanana na sonona.

Hali ikiwa nzito utapewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Mkoa wetu pia una hospitali ya Lutindi, milimani Korogwe, ambayo imekuwa ikiwahudumia wagonjwa wa akili tangu mwanzoni mwa karne ya 20, Bibi Salme akiwa bado hai. Kupelekwa huko si fedheha.

*Mazungumzo.* Kwa sonona isiyo kali, mazungumzo na mtu aliyefunzwa huweza kutosha. Si kuonywa wala kuhubiriwa. Mnatazama pamoja kinachokulemea, mnakigawa vipande, mnachagua kimoja cha kushughulikia wiki hii, na unarudishwa polepole kwenye mambo uliyoyaacha. Inafanya kazi hata katika vijiji kama vyetu. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya utafiti katika vijiji 30 vya kusini-magharibi mwa Uganda. Watu wazima wenye sonona walikutana kwa vikundi, wanawake peke yao na wanaume peke yao, mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na mtu wa hapohapo aliyepewa mafunzo. Waliokuwa katika vikundi walipata nafuu kubwa kuliko wasiokuwamo. Zimbabwe nako mabibi waliofunzwa hukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wakazungumza nao kwa vikao vichache, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba dalili zilipungua.

*Dawa.* Kwa sonona ya kati na kali daktari anaweza kuanzisha dawa, mara nyingi pamoja na mazungumzo. Zinazotumika sana ni fluoksetini na amitriptilini. Yajue haya kuzihusu:

- Hazifanyi kazi siku ileile. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 4, wakati mwingine 6. Wengi huacha wiki ya kwanza wakidhani hazifai.
- Maudhi madogo hutokea mwanzoni: kichefuchefu au kichwa kuuma kwa fluoksetini; mdomo kukauka, usingizi na choo kigumu kwa amitriptilini. Mengi hupungua. Yakizidi, rudi kituoni.
- Hazikufanyi teja. Lakini usiziache ghafla, hupunguzwa taratibu kwa maelekezo.
- Ukipata nafuu unaendelea kunywa kwa miezi, mara nyingi 6 hadi 12, ili ugonjwa usirudi. Muda wako atakupangia daktari.
- Kama una mimba au unanyonyesha, sema. Zipo dawa zinazoweza kutumika, na mara nyingi hakuna haja ya kumwachisha mtoto ziwa.
- Usimpe jirani dawa zako, na zifungie. Amitriptilini ikizidi kipimo inaweza kuua, mtu mzima na mtoto pia.

*Mwili na siku.* Kutembea kidogo kila siku, kulala na kuamka saa zilezile, kula hata kidogo kidogo, kuepuka pombe, kuota jua la asubuhi barazani. Haya hayachukui nafasi ya tiba, yanaisaidia.

Wewe unayemwuguza

Usimwambie jikaze, wapo wenye shida kuliko yako. Anajua, na anajilaumu kwa hilo. Usimwambie una watoto wazuri, unalia nini. Kaa naye. Mwambie umeona habadiliki siku nyingi sasa na unamhofia. Kisha nyamaza usikilize.

Msaidie kwa kazi inayoshikika: chota maji, muogeshe mtoto, peleka mkubwa shule, pika mchuzi ubakize wa jioni. Msindikize kituoni, maana mwenye sonona hupanga safari akashindwa kuvaa. Mkumbushe tarehe ya kurudi na dawa za jioni. Habari zake zisitoke nje ya nyumba bila ruhusa yake.

Na wewe upumzike. Mgawane zamu na dada, wifi, mjomba. Mlezi anayechoka mpaka akaugua anageuza mgonjwa mmoja kuwa wawili.

Dharura

Akisema anatamani kufa, akigawa vitu vyake, akiaga watu bila safari, muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Wengi huona nafuu kwamba mtu ameuliza. Akikubali, au ukiwa na shaka:

- Msimwache peke yake hata dakika chache.
- Ondoeni nyumbani sumu ya panya, dawa za shambani, vidonge, kamba na visu.
- Mpelekeni hospitali mara moja, usiku au mchana.
- Kama amekunywa kitu, chukueni na kopo au pakiti yake. Msimtapishe, msimpe maziwa wala mafuta.

Bibi Salme alifika wapi?

Aliishi hadi uzeeni. Agosti 1885 alirudi Zanzibar kwa meli ya Kijerumani, pamoja na watoto wake. Kaka yake Barghash hakumpokea, lakini watu mitaani walimsalimia. Akarudi tena mwaka 1888, mwaka uleule vita vya Abushiri vilipozuka Pangani, na mara hii pia hakupata alichokifuata. Kisha akaishi miaka mingi Jaffa na Beirut, mahali ambapo alisikia tena Kiarabu masikioni mwake, mpaka 1914 aliporejea Ujerumani. Wale watoto watatu aliodhani hataishi kuwaona wakikua, wote aliwaona wakiwa watu wazima. Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, akiwa na miaka 79, akazikwa Hamburg karibu na mumewe. Kati ya vitu vyake kulikuwa na kifuko cha mchanga wa pwani ya Zanzibar, nao ukazikwa pamoja naye.

Aliokoka, lakini msichukue maisha yake kuwa fimbo ya kuwapigia wengine, kwamba mbona yeye alivumilia. Hatujui ilimgharimu usiku mangapi. Wapo wengi waliovumilia kimya na hawakufika uzeeni.

Kama umejiona mwenyewe katika maelezo haya, au umemwona mama yako, mkeo, dada yako, basi wiki hii fanya moja: mwambie mtu mmoja unayemwamini, au fika kituo cha afya na useme, nimekuwa na huzuni kwa zaidi ya wiki mbili, siwezi kulala, naomba kusaidiwa. Maneno hayo yanatosha kuanza. Yaliyobaki ni kazi yetu sisi wahudumu.